Mtumbwi Ulioitwa Veronika

Jambo la mwisho la kawaida ninalolikumbuka, kabla wivu haujaingia nyumbani kwetu, ni mama akipara samaki. Nilikuwa mtoto wa miaka minane, nimechuchumaa karibu naye, na magamba ya ngege yalikuwa yakinirukia mikononi na kuganda hapo. Baba alitoka ufuoni, akasimama mlangoni, akasema mtumbwi wetu mpya umekamilika na fundi ameshaandika jina. Mama aliuliza ni jina gani. Baba akasema, "Veronika." Mama aliendelea kumpara samaki yule yule, upande ule ule, mpaka ngozi ikatoka.

Veronika ni yule mwanamke aliyempangusa Yesu uso katika Njia ya Msalaba, kituo cha sita. Lilikuwa pia jina la mke wa kwanza wa baba, aliyefariki kabla mama hajaolewa. Hakuacha mtoto. Aliacha kaburi nyuma ya nyumba, na sufuria moja kubwa ambayo mama hakuitumia kupikia hata siku tulipokuwa na wageni wengi.

Naandika haya Kapsoya, Eldoret, mbali sana na ziwa. Nimekuwa mgane tangu msimu uliopita wa kupanda mahindi. Neno hilo hapa wengi hawalitumii. Huniita mjane, nami huwaacha. Majuzi, baada ya misa ya kumwombea mke wangu, mama mmoja wa jumuiya yetu alinishika mkono akaniambia kwamba Konsolata alikuwa mwenzetu. Alisema kwa upendo, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu. Nilihisi kitu kikinipanda kifuani, nikakitambua: ulikuwa wivu. Nilitaka Konsolata awe wangu peke yangu, hata sasa. Nilirudi nyumbani nikimfikiria mama, na jinsi neno la namna hiyo hiyo lilivyomkwama kooni.

Kwetu, katika kijiji cha wavuvi upande wa Busia, mtumbwi mpya ulihesabiwa kuwa mke. Mke wa mwenye mtumbwi aliupokea ufuoni akiwa na kibuyu cha uji, akamwaga kidogo kwenye ncha ya mbele, akautaja kwa jina na kuuambia: karibu, mwenzangu. Hapo mwenzangu maana yake haikuwa rafiki. Ilikuwa mke mwenza. Watu waliamini kwamba mtumbwi usioambiwa hivyo haujui kama kuna mwanamke mwingine nyumbani, hivyo humchukua mwanamume kuwa wake peke yake. Baadhi ya wanaume wa namna hiyo walizama. Wengine hawakuzama, ila hawakuonekana tena nyumbani ipasavyo.

Padre wetu, ambaye hakuwa mtu wa ziwa, alifundisha kwamba mtumbwi ni mbao. Yeye alikuja siku ya sikukuu ya Petro na Paulo kuibariki mitumbwi yote kwa pamoja, kwa hiyo akina mama walifanya mambo yao siku moja kabla, padre akiwa bado misioni. Katekista Barasa alikuwa na mtumbwi wake, na mkewe alikuwa ameupokea kwa uji kama wengine. Siku kama hiyo katekista alikumbuka daima kwamba vinara vya altareni havijasuguliwa, akajifungia huko.

Nyanya, mama yake baba, alikuja jikoni kumwandaa mama. Nilikuwa pale nikichochea moto.

"Kesho utasema, Mama Lukas," nyanya alimwambia.

"Nitasema nini, Mama?"

"Usinifanye nirudie. Padre atabariki mbao. Wewe unakaribisha mtu."

Mama alikoroga uji kwa muda. "Angekuwa hai," alisema, "siku moja ningemkuta ameunguza mboga. Huyu haunguzi chochote."

Nyanya alicheka kabla hajajizuia. Kisha akasema kwamba hata hivyo ni lazima, kwa sababu anayekwenda majini ni mwanawe.

Kesho yake wanawake walijaa ufuoni. Mtumbwi ulikuwa umepambwa kwa mafunjo, na jina lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, kila moja imenyooka. Mama alivaa kitambaa chake cha akina mama wa parokia, kama anayekwenda misani. Alimwaga uji. Alikaa kimya mpaka watu wakaanza kutazamana. Halafu akainua kichwa, na kwa sauti ile aliyotumia kuongoza rozari akasema:

"Mtakatifu Veronika."

Wanawake wakaitikia kwa mazoea, "Utuombee."

"Mtakatifu Petro."

"Utuombee."

"Mtakatifu Andrea."

Walipogundua kinachoendelea walikuwa wameshaitikia mitume wengi, na mama amefika kwa Mtakatifu Perpetua, ambaye ni somo wake yeye mwenyewe. Huyo alimtaja kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha alimrudishia nyanya kibuyu na kupanda kwenda nyumbani.

Jirani yetu, Mama Oundo, aliuliza kama leo mtumbwi umeolewa au umezikwa. Watu walicheka sana. Baba alicheka nao, lakini hakumtazama mtu. Nyanya peke yake hakucheka. Alimfuata mama hadi nyumbani, akamwambia mlangoni, bila hasira: "Umemwacha nje. Sasa atakaa na mtu wake huko huko nje."

Siku ya sikukuu tuliteremka kutoka kanisani kwa maandamano, wavuvi wamebeba sanamu ya Mtakatifu Petro mabegani, kwaya ikiimba, watoto tukirushiana maua tuliyopewa tumrushie mtakatifu. Padre alinyunyizia mitumbwi maji ya baraka kwa tawi. Alipofika kwa wetu alisimama, akasoma jina, akampongeza baba mbele ya waumini wote kwa kumkumbuka mwanamke wa kituo cha sita. Wachache sana humkumbuka, alisema. Nilikuwa nimeshika gauni la mama. Nilihisi mkono wake ukifunga ngumi ndani ya kitambaa.

Baada ya hapo baba alianza kukaa ufuoni. Hapo awali alipofanya kazi katika mtumbwi wa mtu mwingine, alirudi asubuhi, akala, akalala. Sasa alirudi kwa kuchelewa, na siku nyingine hakurudi mpaka amekwenda tena majini. Alikunywa chai kwenye banda la wavuvi. Alilala kivulini kando ya mtumbwi. Mama alinituma nikaangalie anafanya nini, nami nilirudi na kusema nilichokiona.

"Anamwosha."

"Anamwosha wapi?"

"Kila mahali."

Mama alitikisa kichwa. Alisema katika nyumba hii hakuna mwingine anayeoshwa namna hiyo.

Jambo lililomchoma zaidi lilikuwa dogo, na mtu asiyekulia katika lugha hii hangelisikia. Mama alikuwa amesoma kwa masista, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Mtumbwi umevuja, mtumbwi umechelewa. Baba naye zamani alisema hivyo hivyo. Lakini baada ya sikukuu alianza kusema amevuja, amechelewa, leo amechoka. Jioni moja alisema upepo ulikuwa mkali lakini alivumilia vizuri. Mama aliuliza ni nani aliyevumilia. Baba alitafuna, akameza, akasema, "Mtumbwi." Mama akasema, "Basi ulivumilia."

Mimi niliupata wivu huo kama mtoto anavyopata mafua ya nyumbani. Nilipomsikia baba ufuoni akipiga mluzi huku akiziba nyufa kwa pamba na lami, nilitaka kurusha jiwe, kwa kuwa nyumbani hakupiga mluzi kamwe. Nilijua pia kile ambacho kila mtu alijua. Nyanya alikuwa amesema itakuwa hivi, na imekuwa. Kilichobaki kilikuwa sehemu ile nyingine ya imani, ile ya wanaozama.

Asubuhi moja mitumbwi yote ilirudi isipokuwa wetu. Upepo ulikuwa umegeuka alfajiri na kulisukuma gugu maji lote la ziwa kuja upande wetu. Mahali palipokuwa na maji jana palikuwa uwanja wa kijani wenye maua ya zambarau, mzuri kuutazama, na ghuba yote ilikuwa imefungwa. Mtumbwi ukinaswa katikati ya gugu hilo hauendi mbele wala nyuma, na humo ndimo viboko hupenda kukaa. Wanaume walijaribu kupasua njia kwa mapanga, wakarudi wakihema. Jua lilipanda. Walisema huenda baba amekwepa na kwenda ufuo mwingine, lakini walisema bila kumtazama mama.

Nyanya alikuwa ameketi mchangani, rozari mkononi. Hakumwambia mama neno. Nadhani hilo ndilo lililomshinda mama, kwa maana angeambiwa chochote angepata la kujibu.

Alivua viatu. Aliingia majini, gauni likaelea, majani ya gugu yakamzunguka magotini kisha kiunoni. Hakuna aliyemzuia. Wanawake wale wale walioitikia litania walikuwa wamesimama nyuma yake, na safari hii hakukuwa na sala ya kujificha ndani yake. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na mtu aliye upande wa pili wa ua.

"Veronika. Karibu, mwenzangu. Nilikuona tangu siku ile, nikanyamaza. Nirudishie Baba Lukas tule naye sote."

Halafu alilia, na Mama Oundo ndiye aliyeingia kumtoa.

Baba alirudi alasiri kwa miguu, akipitia njia ya mashambani. Alikuwa ameliona gugu likija, akapiga kasia kuelekea ufuo wa jirani, akangoja huko akinywa chai. Aliuacha mtumbwi huko, na jioni upepo uliporudi kama zamani wenzake walimletea. Ndiyo maelezo yenyewe, na sina sababu ya kuyatilia shaka. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba upepo wa ziwa hubadilika bila kuitwa na mtu. Alikuwa ameshafika ufuo ule kabla mama hajavua viatu. Hata hivyo kijijini hakuna aliyeuhesabu upepo. Walisema Veronika amekaribishwa, akamwachia.

Kwa miaka mingi nilipolikumbuka tukio hili nilikuwa upande wa mama. Niliona amedhulumiwa: kulazimishwa kumpokea mwanamke ambaye hangeweza kugombana naye, mbele ya watu, ndani ya maji. Bado naona hivyo. Lakini sasa nimekaa mahali alipokaa baba, na naona kitu ambacho mtoto wa miaka minane hakuweza kukiona. Mtu hupenda kulitaja jina. Hilo tu. Hupenda kulisema kwa sauti, wakati wa mchana, bila watu kushusha macho na kumpa pole. Baba alikuwa amekaa miaka yote ya ndoa yake ya pili bila kulitaja jina lile ndani ya nyumba, kwa ajili ya mama, kisha akajitafutia kitu ambacho kingemlazimu kulitaja kila siku. Alimpenda mama. Mambo hayo mawili hayakupigana ndani yake. Yalipigana nje yake, ndani ya mama.

Mimi sina mtumbwi. Nina akina mama wa jumuiya wanaosema Konsolata alicheka hivi, Konsolata aliimba sauti ya pili hivi, Konsolata alituambia jambo fulani. Baadhi ya mambo hayo sikuyajua. Nawaonea wivu kwa hayo nisiyoyajua, na zaidi kwa sababu wao hulitaja jina lake kwa wepesi, huku wakimenya viazi, nami nikijaribu sauti hunikauka. Nimejiuliza kama mama naye, maji yakimfika kiunoni, hakuwa akilia kwa ajili ya baba tu. Pengine alikuwa amechoka kuwa mtu pekee ambaye jina lile lilikatazwa mbele yake.

Usiku ule baba alikuwa ameshasimuliwa yote kabla hajavuka kizingiti. Alikula. Mama alimpa maji ya kunawa, akayapokea kwa mikono miwili.

Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, alimshika mama mkono. Kwetu mwanamume hakumshika mkewe mkono njiani. Hayo yalikuwa mambo ya picha za harusi. Waliteremka hivyo hadi ufuoni, mimi nikiwafuata nyuma, na wavuvi waliokuwa wakikunja nyavu wakaacha kukunja. Baba alisimama mbele ya zile herufi nyeupe, akavua kofia.

"Veronika," alisema, "huyu ni Perpetua, mke wangu. Nyumba ni yake."

Alingoja kidogo, kama kwamba angejibiwa. Kisha akavaa kofia na kuanza kusukuma. Mama alitazama jina lile, akajifunga leso kiunoni, akazunguka upande wa pili, akaweka bega, wakausukuma pamoja mpaka ukaelea.