Maziwa Tuliyauliza, Damu Hatukuiuliza

Wiki ile shangazi yangu alipiga simu nyumba saba kuulizia maziwa. Mjukuu wake, anayeishi na wazazi wake mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, upande wa pili wa milima, alikuwa amemposa binti wa marehemu kaka yangu, binti niliyemlea mwenyewe tangu utotoni. Kabla posa haijajibiwa, shangazi alitaka kuhakikisha kwamba hakuna mwanamke aliyewanyonyesha wote wawili walipokuwa wachanga. Walionyonya ziwa moja ni ndugu na hawaoani. Kwake yeye hata fundo moja lilitosha kuvunja posa.

Alikaa katika kiti chake, sebuleni kwangu hapa Al Amerat, akawahoji wanawake watu wazima juu ya mambo ya zaidi ya miaka ishirini: nani alilazwa hospitali, nani aliachiwa mtoto wa nani, na mtoto alipolia alinyamazishwa kwa nini. Hakimu asingewabana zaidi. Siku ya tano akatangaza kwamba maziwa ni safi.

Nikamwambia kwamba sasa tuwapeleke wakapimwe damu. Akaniuliza kama hao ni mbuzi wa mnadani. Ukoo wetu unajulikana, akasema, na nyumba inayojulikana haikaguliwi na wauguzi.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Kila asubuhi navuka milima kwa gari kwenda kuwafundisha wasichana wa watu kwamba selimundu, ugonjwa unaozipinda chembe za damu zikawa kama mundu, haukai na mtu mmoja tu. Mzazi huweza kuubeba umri wake wote bila kuumwa hata siku moja. Akioana na mbebaji mwenziwe, ndipo mtoto huweza kuzaliwa nao. Nimeyasema hayo mpaka koo likakauka. Kisha narudi kwangu, navua viatu, na sebuleni nambiwa kwamba kinachorithiwa ni maziwa na tabia njema. Kwa siku tisa tulibishana asubuhi na jioni, na binti wa watu alikuwa akitupita ukumbini, trei ya kahawa mkononi, akingoja kujua kama ataolewa au hataolewa.

Alhamisi nilirudi mapema kulijaribu somo la Jumapili, siku yetu ya kwanza ya wiki ya shule. Niliponda ndizi mbivu, nikatia maji, chumvi na sabuni ya vyombo, nikachuja, halafu nikamimina taratibu spiriti niliyoipoza kwenye friza. Shangazi aliingia jikoni kwa sababu moja tu: nilikuwa nimetumia chujio lake la tui.

Baada ya kulisuuza mara tatu alitazama bilauri. Juu ya uji wa ndizi palikuwa pamejitenga nyuzi nyeupe, laini, zinazoelea.

"Makamasi," alisema.

Nilimweleza kwamba huo ndio urithi wenyewe, DNA, ulivyo katika ndizi, na ulivyo ndani yake na ndani yangu. Na kwa kuwa nilikuwa nimekwishachoka, nikamsimulia kwa ukali, kama ninavyomsimulia mwanafunzi anayepiga soga nyuma ya darasa. Mtu wa kwanza kuitenga DNA hii alikuwa kijana msomi wa Ulaya aliyekusanya bandeji za wagonjwa hospitalini na kuziosha usaha. Ndani ya viini vya chembe za usaha akakuta kitu ambacho hakikuwa protini, kitu chenye fosforasi nyingi, ambacho hakuna aliyekuwa amekiona. Ili kuziondoa protini alitumia maji ya tumbo la nguruwe. Hapo shangazi akarudi nyuma hatua moja. Mwalimu wake hakumwamini, akairudia kazi yote kwa mikono yake ndipo akaruhusu itangazwe. Na hata baada ya hapo wataalamu waliidharau kwa miongo mingi. Walisema imeundwa kwa vitu vichache mno, haiwezi kubeba sura ya mtu na maradhi yake. Mzigo huo lazima uwe wa protini. Baadaye watu wengine wakachukua DNA hiyohiyo kutoka kwa bakteria wakali wa homa ya mapafu, wakawatia wale wapole, nao wakageuka wakali, na watoto wao vilevile. Bado wapo waliotikisa vichwa.

Alisikiliza mpaka mwisho, jambo lisilo la kawaida yake.

"Basi hao wasomi wako walikaa na uzi mkononi miaka yote hiyo wasijue nini wamekamata," alisema. "Mie siku tisa tu, ushanchoka."

Nikamjibu kwamba wao hawakuwa na wa kuwaambia. Yeye anaambiwa kila siku na hataki. Lilikuwa jibu la utovu wa adabu, na nililijua hivyo lilipokuwa likinitoka.

Alivuta kiti akakaa. Akachukua kijiti cha meno, akawa anazizungusha zile nyuzi.

"Mwanangu wa kwanza wewe hukumuwahi," alisema. "Mifupa ikimuuma mpaka akiuma shuka. Macho manjano. Mmoja akasema baridi, mwengine akasema jicho. Miaka saba, nkamzika kulekule Unguja. Jicho nimeshalisamehe. Sasa nyie mwataka karatasi ije inambie ilitoka kwangu mie."

Siku tisa nilikuwa nimeitibu hofu yake kama ujinga. Lakini lililonikera zaidi, hapo nilipokuwa nimesimama na bilauri, lilikuwa langu mwenyewe. Katika mkebe wa pasipoti zilizokwisha muda kuna kadi yangu. Nilipewa kliniki katika mimba yangu ya kwanza, na imeandikwa kwamba mimi ni mbebaji. Mume wangu alipimwa, akaonekana hana, tukashukuru, tukaifukia kadi ile kama watu waliookota kitu cha wizi. Sikumwambia kaka yangu, ambaye alikuwa bado hajazaa. Sikumwambia shangazi. Kwa binti nilikuwa nikisema "tahadhari tu."

"Kwangu pia ipo, Shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu mimba ya kwanza."

Alikiweka kijiti mezani. "Na siku zote hizi wanfundisha mie."

Akaitisha miwani na simu, akampigia mama wa kijana, kwa sauti ileile aliyoulizia maziwa. "Mwanangu, maziwa tumeshauliza. Imebaki damu. Jumapili mpeleke mtoto, na wa huku atakwenda. Na mie ntakwenda. Usinambie ana kazi."

Majibu yalitoka: shangazi ni mbebaji, binti ni mbebaji, kijana siye. Ndoa ikapangiwa siku. Ijumaa iliyofuata, mbele ya wageni, nilimsikia shangazi akieleza kwamba sisi kwetu, kabla ya kuoza, tunauliza maziwa na damu, ndiyo ada yetu tangu zamani. Nilikwenda jikoni ili nisiseme kitu.

Binti alinifuata na kadi yake, akaniuliza aiweke wapi. Nikaufungua mkebe wa pasipoti, nikatoa yangu, nikampa zote mbili. Nikamwambia aziweke mahali ambapo watoto wake wataziona.