Salamu ya Saa Nne Asubuhi

Mama yangu alipounguza jiko mara ya pili, kaka yangu mkubwa alisema basi, mama atahamia kwake Kasulu mjini, atake asitake. Mama alikuwa ameinjika maharage, akaenda shambani, na yale maharage yakamtoka kichwani kabisa. Daktari alishatueleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau na kwamba hauponi. Lakini kumtoa mama kijijini kwetu Nyakitonto, kwenye migomba yake, niliona ni kumzika akiwa anapumua, na nilimwambia kaka hivyo hivyo, kwa ukali. Akanijibu kwamba ukali wa mwalimu aliyeko Kibondo hauzimi moto wa Nyakitonto. Jibu lilinichoma. Hata hivyo akanipa hadi likizo ya Juni nitafute njia.

Fundi simu wa sokoni Kibondo ndiye aliyenionyesha kwamba zile simu za Kichina zenye spika ya kupasua masikio zinaweza kutoa sauti ya mtu badala ya mlio wa kengele. Nikanunua moja, nikajirekodi kwa Kiha, nikaitega iseme saa nne asubuhi: "Mwakeye, mawe. Epua maharage." Mwakeye ni salamu ya asubuhi, na mawe kwetu ni mama; walimu wenzangu wa kutoka pwani walicheka mpaka basi. Nikaituma Nyakitonto, na jirani yake mama akaitundika ukutani jikoni, akawa anaichaji kwa sola yake.

Siku ya kwanza tu ikashindwa. Kwetu Waha salamu haina haraka. Unapiga makofi taratibu, unauliza walivyoamka, unauliza mbuzi, unauliza mvua, na kazi inangoja. Mama alisikia salamu, akapiga makofi, akaitikia, akangoja aulizwe la pili. Kimya. Akatoka nje kumtafuta mgeni aliyekatisha salamu, na maharage akayaepua jirani.

Nikaondoa salamu, nikabakiza agizo tupu, nikamtumia jirani memori kadi mpya kwa basi. Jirani akanipigia huku anacheka.

"Mwalimu, mama kakasirika. Anauliza ni mtoto wa nani huyo anayemtuma bila kumwamkia. Maharage hayagusi."

Basi nikajifungia chumbani, nikarekodi salamu nzima pamoja na makofi yangu, na kila swali nikaliachia nafasi ya kujibiwa, tena nafasi ndefu, maana mama hajibu kwa mkato. Mwisho kabisa ndipo nikamwomba aepue. Safari hii akaepua. Wiki zikapita, jiko likawa salama, kaka akanyamaza. Nilijisifu kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Jioni nikishikwa na hamu ya kumpigia, nilijiambia leo ameshanisikia.

Juni nikaenda. Sauti yangu ilipotoka ukutani nilikuwa nimeketi naye jikoni, na nilikuwa katikati ya kumsimulia safari. Akaninyooshea kidole.

"Nyamaza kwanza. Mwanangu anaongea."

Akapiga makofi. Akaieleza ile simu habari za goti lake na za mbuzi aliyezaa, uso umechangamka namna ambayo sikuwa nimeiona tangu nifike. Kisha akaepua.

Nami nikapiga makofi, nikamsalimu kwa maneno yale yale. Akaitikia kwa adabu, kama anavyomwitikia bwana shamba.

"Mama, ni mimi."

"Ndiyo," akasema. "Karibu."

Akapakua sahani tatu. Moja akaifunika na kuiweka kando. "Hii ya mwanangu," akaniambia. "Hana nafasi ya kuingia ndani, ana kazi huko Kibondo. Lakini hakosi kunisalimu."

Nilipigania abaki kwake, na alibaki. Kaka hakumgusa tena. Ila siku ile, na sahani ya mgeni mapajani, nilijuta, na majuto yenyewe sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu wa kuambiwa alikuwa ameketi mbele yangu akinihurumia kwa safari ndefu.

Nilipoaga akanisindikiza hadi mwisho wa migomba, akaniuliza kama nina mama.

Nikamwambia ninaye.

"Basi nenda ukamsalimie," akasema.