Haboba Medina na Chumba cha Mama Mzazi

Kila jioni taa ya stima ilipowaka, haboba alisema masalkheri. Aliisema kwa sauti ya kawaida, akiitazama balbu, kama vile mtu ameingia na ni lazima asalimiwe. Mjomba Sulaimani alimcheka, akamwambia balbu haijibu. Haboba akasema hata yeye mjomba alipokuwa mchanga alikuwa hajibu, na bado alisalimiwa.

Haboba ndivyo sisi Wanubi wa Arua tunavyomwita bibi. Jina lake Medina. Alinilea tangu mama yangu alipofariki, na kazi yake ilikuwa kukaa na wanawake waliojifungua mpaka arobaini yao iishe. Aliwakanda kwa maji ya moto, akawafunga tumbo, akawapikia uji, na zaidi ya yote aliwakinga na upepo. Mama mzazi akiingiwa na upepo, alisema, maziwa yanakauka na kichwa kinachanganyika. Kwa hiyo alifunga chumba, na moto ukakaa ndani usiku na mchana. Alikuwa amefanya hivyo miaka mingi katika nyumba za nyasi, na wanawake walitoka wamenona.

Mjomba aliendesha lori la chumvi na sabuni kwenda Oraba, mpakani. Biashara ilipomkubali akajenga nyumba ya sementi mbele ya ile yetu ya nyasi: mabati juu, dari ya mbao chini yake, madirisha ya vioo. Akavuta stima. Mke wake Fatumah, mtu wa Koboko, alipojifungua Asumani, mjomba alileta jiko la stima la kupasha chumba joto, asitake moshi upake kuta zake mpya. Haboba alilikubali. Alisema ni moto wa kivivu, lakini ni moto.

Ilikuwa mvua za mwezi wa nane, mwaka wa sabini na nne. Asumani alikuwa hajamaliza arobaini. Mjomba yuko safarini. Baada ya alasiri upepo ukaja kutoka upande wa Vurra, kisha mvua ya mawe, ikapiga mabati mpaka mtu hasikii mwenzake. Mkaratusi wa barabarani ukaangukia waya. Stima ikaenda.

Haboba hakuwa mtu wa kupuuza. Alichomoa waya wa jiko ukutani, akasema stima ikirudi ghafla inaweza kuunguza nyumba huku hakuna anayetazama. Mshumaa aliusimamisha katika sahani yenye maji, mbali na chandarua. Kisha akashika mkono wa Fatumah, akaukuta wa baridi. Akawasha sigiri ya makaa barazani, akaipepea mpaka moshi wote ukaisha na makaa yakawa mekundu matupu, maana alijua moshi unamdhuru mtoto. Ndipo akaiingiza ndani, akafunga madirisha, akashindilia nguo kuukuu chini ya mlango.

Mimi na haboba tukaenda nyumba ya nyasi kupika uji, tukamwacha Fatumah amelala na mtoto. Kavira, jirani yetu, mama mfanyabiashara kutoka Kongo, alikuja kujibanza humo na vitenge vyake vimelowa. Haboba akamtania kwamba huko kwao hata mvua hawaijui, wanaijua bia tu. Kavira akasema bia haivunji mabati. Walicheka. Moto wa mafiga ulikuwa unawaka katikati yetu, na moshi unatoka polepole kupitia nyasi za paa.

Mvua ilipopungua haboba akapeleka uji. Aliita hodi, hakujibiwa. Aliposukuma mlango, Fatumah alikuwa amelala ubavu, uso mwekundu, mkono wake juu ya mtoto. Tuliwavuta barazani. Kwenye hewa Fatumah alitapika, akashika kichwa, akalia kama mtu aliyelewa. Asumani hakulia.

Tulimzika kesho yake kabla ya adhuhuri. Mjomba alifika jioni, akakuta kaburi tu. Wanawake walikuwa wanasemezana juu ya ule mkono, jinsi ulivyokutwa, na maneno yakamfika. Alimwuliza mke wake mara moja tu kama alimlalia mtoto. Fatumah akasema hajui. Alikuwa kweli hajui, na kila siku iliyopita alizidi kuamini kwamba ni yeye. Mjomba hakumpiga, hakumtukana. Aliacha kula chakula chake. Kisha akatuma habari Koboko, kaka yake Fatumah, Lado, aje amchukue.

Haboba aliendelea kufua nguo za nyumba. Siku moja Kavira alimkuta kwenye kamba ya nguo, akamwambia polepole, maana walipendana.

“Mama Sulaimani, ile makala ya sigiri iliua mutoto. Kaka yangu alikuwa mulinzi kwa duka ya kahawa, Aru, kwetu Kongo. Alifunga mulango na makala ndani. Asubuhi iko mufu, na hakuna moshi.”

Haboba alimjibu kwa ukali kwamba makaa ameyatumia tangu Kavira hajazaliwa. Kavira akasema, kwa nyumba ya nyasi, mama. Ile ya nyasi inapumua. Haboba akaanika nguo ileile mara ya pili.

Mchana uliofuata, Fatumah akiwa amekwenda kisimani, nilimwona haboba akiwasha sigiri barazani. Aliipepea mpaka moshi ukaisha. Akamkamata kuku wake mweupe, akamfunika kwa tenga kitandani, akaingiza sigiri, akafunga madirisha, akashindilia nguo mlangoni. Akakaa chini mlangoni, mgongo wake kwenye mbao. Alikaa hapo kitambo. Alipofungua alimtoa kuku kwa mabawa, na shingo yake ilikuwa inaning'inia. Akamzika nyuma ya choo. Jioni alimwaga chai.

Lado alikuja Ijumaa. Walikaa barazani, yeye na mjomba na wazee wawili wa jirani. Sanduku la Fatumah lilikuwa limefungwa kamba. Wanaume walizungumza kwa upole, kama watu wanaogawana kitu ambacho hakuna anayekitaka. Haboba akatoka ndani, akasimama, jambo ambalo hakuzoea kulifanya mbele ya wageni.

“Hakumlalia mtoto,” alisema. “Moto ilikuwa yangu. Mimi niliingiza, mimi nilifunga dirisha.”

Mjomba akamwambia, “Mama, unamwonea huruma tu. Keti.”

“Ile kuku nyeupe iko wapi, Sulaimani? Nilifungia kwa ile chumba na sigiri. Moshi hakuna, na ikakufa. Kama unatafuta mwenye kumuua mtoto wako, usitazame huyu mtoto wa watu. Nitazame mimi.”

Mjomba alivua kofia yake, akaishika magotini. Baadaye akasimama, akafungua kamba ya sanduku, na Lado akarudi Koboko peke yake.

Tangu siku hiyo haboba alizunguka nyumba za sementi, moja moja, akiwaambia wanawake: stima ikienda, vaeni nguo nyingi, laleni pamoja, moto ukae nje hata kama hauna moshi. Walimwitikia vizuri, wakampa kiti. Lakini hakuna tena aliyemwita kukaa na mama mzazi.

Fatumah hakumkosea adabu. Alimpa maji ya kunawa, akamwita mama. Ila haboba akiingia chumbani, yeye alitoka. Alipopata mimba nyingine, mwaka uliofuata, nilimsikia akimwomba mjomba akazalie kwao Koboko. Hakutoa sababu. Mjomba akasema ile ni njia mbaya, lori linarusha, atazalia njiani. Fatumah akalia kimya kimya. Haboba alikuwa nyuma ya ukuta anachambua mchele, na ninajua alisikia, maana mkono wake ulisimama.

Kesho yake alimwambia mjomba anakwenda Lurujo, upande wa Koboko, kumsalimia dada yake, na kwamba mwanamke azae katika nyumba yake. Akamwomba Kavira aje kukaa na Fatumah wakati ukifika. Kavira alitaka kubisha. Haboba akamwambia yeye ana akili ya madirisha.

Alifunga nguo zake katika shuka. Nilitaka kumbebea mpaka stendi ya malori, akakataa, akaniambia nibaki, Fatumah asinyanyue ndoo. Fatumah alisimama mlangoni. Walitazamana. Haboba akamwombea azae salama, Fatumah akaitikia amina, akainamisha kichwa.

Akatoka na shuka lake kichwani, akapita uani kwa Kavira, akashika barabara ya Koboko. Hakurudi.