Nafasi ya Mama Kando ya Baba

Saa nane mchana jua linaondoka kwetu. Kwa jirani wa juu bado linawaka, kwa mwalimu ng'ambo ya barabara bado linawaka, watu wameanika mahindi yao. Sisi tumeshaingia kwenye kivuli cha hoteli, na nguo zilizofuliwa asubuhi zinaanza kunuka uvundo. Wageni hutupa pole kwamba mlima umezibwa. Nawajibu kuwa mlima uko upande mwingine, unaonekana kama kawaida, wauangalie mpaka wachoke. Kilichozibwa ni kitu kingine, na nikianza kukieleza huwa napandisha sauti. Ndiyo maana safari hii nimeona nikiandike.

Hapa Rau, mji ulitufuata tulipo. Kihamba cha baba kilikuwapo kabla hapajaitwa mtaa: migomba, kahawa kidogo, zizi la ng'ombe mmoja, nyumba ya matofali ya kuchoma. Chini kabisa, mpakani, palikuwa na safu ya masale. Kwa asiye wa kwetu: sale ni mmea wa majani marefu ya kijani, hauliwi na mtu wala ng'ombe, lakini kihamba cha Mchagga bila sale bado si kihamba. Tunaupanda mpakani, na ukishapandwa hakuna wa kuuhamisha. Tena mtu akikukosea, akataka kweli yaishe, hukata sale akaja nalo mkononi. Na aliyeletewa sale hakatai. Unaweza kumkatalia mtu shamba, ukamkatalia hata binti yako. Sale hukatai.

Safu ile baba aliipanda pamoja na jirani yake wakiwa vijana, kila mmoja amesimama upande wake. Baba alipokufa tulimzika hapo karibu na masale, kando ya babu na bibi, na upande wa pili mama akaacha nafasi. Hakupanda kitu pale, hata mchicha. Kila Jumamosi alifagia kaburi la baba, kisha akaifagia na ile nafasi tupu kwa ufagio ule ule, bila haraka. Nilikuwa namtania, "Mama, unafagia nini hapo na hakuna mtu?"

"Nafagia chumbani kwangu. Wewe chako umekifagia?"

Chumba changu mimi kilikuwa wapi? Ndoa ilinivunjikia Arusha, nikarudi nyumbani na cherehani na hasira zangu. Basi nilikuwa nacheka pembeni.

Mama hakuwa mtu wa kutaka mambo mengi. Kaka zangu walitaka kumjengea nyumba mpya, akasema ya zamani haijamfukuza. Alichokitaka katika uzee wake kilikuwa kimoja, na alitukumbusha kila tulipokutana Desemba: siku akifa, alazwe pale, kando ya mzee wake.

Yule jirani aliyepanda masale na baba naye alikufa, kihamba chake kikabaki kwa mwanawe. Mtoto huyo amekunywa maziwa ya ng'ombe wetu. Amechapwa na mama yangu kwa kuiba ndizi mbivu darini, akalishwa hizo hizo ndizi baada ya kuchapwa. Alikwenda Dar es Salaam, akapata. Kila Desemba alikuja na gari jipya, akasimama getini kwetu, "Shikamoo mama," na kiroba cha mchele begani. Mama alimpenda, nami nisiseme uongo, nilimpenda pia. Mwaka mmoja alikuja na kijiko, ile mashine ya kuchimba udongo, na nyumba aliyozaliwa ikaanguka kabla ya saa nne.

Kwenye mkutano wa mtaa alituambia ni hoteli ndogo tu, ghorofa mbili, vijana watapata kazi. Tukampigia makofi. Wiki chache baadaye likatundikwa bango lenye picha ya jengo lenyewe: ghorofa tisa, na bwawa la kuogelea juu ya paa. Nyumba zetu kwenye picha hazikuwapo kabisa. Walipochora kwetu walichora nyasi.

Kha! Tisa, kwenye barabara ambayo gari mbili zikikutana moja inaingia kwenye migomba ya mtu! Maji watavuta wapi, na hapa bomba linakohoa tu? Maji machafu ya vyumba vyote hivyo watayapeleka wapi kama si kwetu tulio chini? Watu walianza kukutana uani kwetu, maana sisi ndio tuliopakana naye. Mwalimu, mstaafu mwenye kofia ya pama asiyoivua hata akinywa chai, tulimfanya kiongozi. Mama alichemsha chai sufuria nzima. Maziwa aliyaleta jirani wa juu, shoga yake mama tangu walipoolewa mwaka mmoja, watu waliokuwa chanda na pete hata kitenge wakinunua doti moja wakagawana.

Asubuhi moja mama alikuwa misani. Aliporudi alikuta masale yote yameng'olewa, yamelundikwa uani kwetu kama takataka, na shimo la msingi limevuka mpaka. Kutoka kaburi la baba hadi ukingo wa shimo ungeweza kunyoosha mkono ukagusa. Nafasi ya mama haikuwapo tena. Alisimama na rozari yake mkononi akichungulia chini, na mafundi waliokuwa kule chini wakaacha kazi, wakamwangalia.

Siku hiyo mtaa mzima ulitoka. Shoga yake mama alikaa chini mbele ya kijiko, kanga kaitandika kama yuko msibani, akamwambia dereva, "Pita basi." Nani wa kupita? Kazi ikasimama, na tukaambiwa maofisa watakuja Jumatano kutusikiliza. Jioni mwalimu alitupanga. "Mambo ya kivuli na barabara watatuzungusha," alisema. "Mpaka uliovukwa na kaburi lililosogelewa hawawezi kuviruka. Jumatano atasema mama peke yake. Sisi wengine tukae kimya." Kila mtu akamwangalia mama, naye akaitikia kwa kichwa.

Jumapili, tumetoka kanisani, nipo jikoni namenya ndizi za mtori, nikasikia hodi. Mwenye hoteli, yule mtoto wa jirani, alikuja kwa miguu, gari kaliacha mbali, mtu mzima na kitambi chake. Nyuma yake baba yake mdogo, mzee sana, na kijana aliyebeba ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mkononi alikuwa na sale.

Akapiga magoti kwenye vumbi la uani. "Mama, nimekukosea. Nimevuka mpaka wa wazee. Naomba unisamehe. Shimo nitalifukia kabla ya mwezi huu kwisha."

Nilitoka jikoni na kisu mkononi, maganda yamenishika vidoleni. "Mama, usipokee! Usipokee, anakuja na hila huyu!" Yule mzee akanigeukia kana kwamba nimetukana mbele ya altare. Mama hakunitazama. Alimwangalia yule mtu aliyepiga magoti, sijui alimwona yeye au mtoto wa ndizi mbivu, akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea. Wakanywa mbege kwa kata moja. Akaondoka analia, na naamini machozi yalikuwa ya kweli, ndicho kinachonikera mpaka leo.

Walipotoka nilimrukia mama. "Jumatano wanakuja maofisa! Sasa utawaambia nini?"

"Nitawaambia ghorofa tisa sizitaki. Nimemsamehe kuvuka mpaka, sikumpa ruhusa ya kujenga. Kusamehe na kuruhusu ni vitu viwili."

"Hilo unalijua wewe. Wao je? Na hilo sale kalikata wapi? Kwake kijiko kimefyeka yote. Kalikata kwenye lundo letu hapo!"

"Nimeliona. Ni la baba yako." Alilipangusa vumbi kwa kitenge. "Ulitaka nifanyeje, nimwachie mkononi?"

Jumatano tulijaa chini ya turubai. Ofisa akauliza nani anapakana na eneo la ujenzi. Kabla mama hajainuka, mtoto wa jirani alikuwa ameshasimama, suti safi, sauti ya upole. Akasema kweli palikuwa na tatizo la mpaka, lakini yeye na mama yake huyu wamelimaliza nyumbani, kimila, mbele ya wazee. Akamwonyesha baba yake mdogo, na mzee akathibitisha.

Ofisa akamgeukia mama. "Mama, ni kweli ulipokea sale?"

"Ni kweli. Nimemsamehe, lakini..."

"Asante mama. Kaa."

Mama hakukaa. Alibaki amesimama, midomo inatafuta maneno ya Kiswahili, na Kiswahili kikimkimbia kila anapokasirika. Akasema kwa Kichagga, vizuri kabisa, kwamba kusamehe si kuruhusu. Ofisa hakuwa mtu wa huku. Alikuwa ameshamgeukia mwingine. Niliruka nikapiga kelele nitafsiri, nikaambiwa nisubiri zamu yangu, na zamu yangu haikufika. Mwalimu alivua kofia, akaiweka magotini. Sikuwahi kuona upara wake kabla ya siku hiyo.

Kazi ilianza tena Alhamisi. Na maneno nayo yakaanza. Hakuna aliyemwambia mama usoni, hapa kwetu watu hawakwambii usoni. Walisema amekula. Mama mzima anapokeaje sale siku tatu kabla ya kikao kama hajalambishwa? Sala za jumuiya zilizokuwa zamu yetu zikahamishiwa nyumba nyingine, eti kwetu kuna kelele za mafundi. Maziwa ya jirani wa juu yakakoma. Mama alikaa barazani asubuhi na kikombe chake, akiangalia njia ya juu, mpaka chai ikapoa. Nikimwambia niende nikamseme yule mama, anasema, "Mwache. Atakuja."

Ahadi ya kufukia shimo ilitimizwa. Mwezi haujaisha, lilifukiwa lote, kwa zege. Ukuta mnene wa kuzuia udongo ulikaa juu ya nafasi ya mama, umelishika kaburi la baba ubavuni kama godoro lililobanwa ukutani. Nilikwenda kumgombeza msimamizi, akaniambia kwa adabu, "Dada, si mlisema lifukiwe?" Fadhila ya punda mateke, wahenga hawakukosea.

Jumamosi iliyofuata mama alichukua ufagio. Alifagia kaburi la baba, akafika kwenye zege, akasimama. Kisha akalifagia na lenyewe. Nikaingia ndani nikalia.

Ghorofa zilipanda. Kivuli kilianza kutufikia jioni, kisha saa kumi, kisha tisa. Mama alianza kukaa na koti mchana. Presha ikapanda, miguu ikavimba, akawa haongei sana. Siku moja namkanda miguu akaniuliza, taratibu, kama anauliza chumvi iko wapi, "Sasa mimi mtanilaza wapi?" Nikamwambia hafi leo wala kesho. Akasema, "Sikukuuliza lini."

Alikufa wakati wa masika. Upande mmoja wa baba amelala babu, upande wa pili zege. Tulikata migomba nyuma ya jiko, tukamchimbia pale, penye utelezi wa maji yanayoshuka kutoka hotelini. Wanaume wa mtaa walikuja kuchimba wote, hata waliosema amekula, maana msibani kwetu hakuna anayekosa. Mwalimu alishika koleo mpaka wakamnyang'anya. Na mtoto wa jirani naye alikuja, na shada kubwa kuliko la kanisa, akapewa kipaza sauti. Akasema, "Mama huyu nilimkosea, akanisamehe." Watu wakalia. Nilinyanyuka nimpokonye, kaka yangu akanikamata kiunoni. Alikuwa hasemi uongo, jamani. Ningempokonya niseme nini?

Baada ya kuondoa matanga, jirani wa juu alikuja, asubuhi, peke yake. Nilikuwa nashona sare za shule. Alisimama mlangoni, kanga kichwani, amekonda. Mkono mmoja alikuwa na chupa ya maziwa. Mwingine alikuwa na sale.

"Mwanangu," akasema, akaninyooshea lile sale.

Najua mila. Nimezaliwa ndani yake. Niliangalia lile jani mkononi mwake, nikamkumbuka mama na kikombe chake barazani, anaangalia njia ya juu.

"Sipokei," nikasema.

Akashtuka, akajishika mdomo. Mtu hajibiwi hivyo.

"Si mimi uliyenikosea. Yuko nyuma ya jiko. Mpelekee."

Alikaa kule muda mrefu. Nilimsikia anaongea Kichagga, anasimulia, anauliza, ananyamaza kama anayesubiri jibu. Alipoondoka hakuniaga, na maziwa aliyaacha juu ya kaburi, chupa nzima, imefunikwa vizuri. Sale alilichomeka kwenye udongo upande wa kichwa.

Limeshika mizizi. Sale halichagui, hata kivulini linaota. Kila Jumamosi nachukua ufagio wa mama, nafagia kwa baba, kisha napita zizini, napita mlango wa jiko, nafagia kwa mama.