Jani la Mgomba Njia Panda

Miaka ile ya wakimbizi, mama alitengeneza rubisi, pombe ya ndizi, kwetu Keza. Ikiwa tayari, alichomeka njia panda kijiti chenye jani bichi la mgomba. Ikiisha, alikiondoa. Wateja kutoka kambini waliona jani, wakajua.

Kisha barabara ikajaa mabango ya mashirika, na mama akaanza kulionea aibu jani lake. Aliuza mbuzi wetu wa pekee, akachorewa ubao wa rangi: RUBISI IPO HAPA.

Ubao ulibaki pale siku zote. Watu walitembea juani, wakakuta pombe haijachachuka.

“Shikamoo, mzee. Njoo keshokutwa,” mama alimwambia mteja wake wa zamani, Mrundi mmoja.

“Marahaba. Nije, au nikauulize kwanza ubao wako?” alijibu, akifuta jasho.

Hakurudi. Mama alirudisha jani, lakini wateja walikuwa wameshazoea kwa jirani, ambaye hakuwahi kuacha lake. Ubao ukawa mlango wa banda lililobaki bila mbuzi. Hadi leo, nikiona jani bichi njiani, namkumbuka mbuzi yule.