Maji ya Miwati

Enzi za Mwingereza, Odilo aliendesha gari kuukuu la misheni karibu na Njombe, na hasira zake zilikuwa karibu. Alisugua kutu mlangoni kwa msasa hadi bati likang'aa, kisha akapanda lori kwenda Makambako kutafuta rangi. Aliporudi kesho yake, ukungu ulikuwa umelowesha bati na kutu imerudi. Akautukana ukungu, akautukana msasa, hata bati hakuliacha.

Mama mkwe wake, Vestina, alisikia yote. Alikuwa shambani hapo jirani akibandua magome ya miti ya miwati kwa panga lililokuwa jeusi kwa maji yake, panga lisilopata kutu kamwe. Lakini kwa mila yao, mkwe na mkwewe hawasemezani. Jioni Odilo akakuta kando ya gari chungu cha maji ya magome, na kitambaa juu yake. Akapaka. Kutu ikageuka nyeusi, ikatulia, rangi ikashika.

Angemshukuruje Vestina, mwenye magome yale, na mila imemfunga mdomo? Tangu hapo, kila alipopita kwa Vestina alipiga honi mara moja, kwa upole. Naye Vestina, akiwa amempa mgongo kama mila itakavyo, aliinua juu mkono wake, mweusi kwa miwati.