Kamera Iliyouona Uzi Ulioruka

Sweta lilirudi kutoka Dodoma kwa basi, ndani ya mfuko uleule tuliolitia tulipolituma. Mteja aliandika ujumbe bila ukali wowote: "Dada, sweta ni zuri, lakini mimi niliagiza jekundu. Hili ni damu ya mzee."

Alisema kweli. Shangazi yangu alilifuma kwa uzi wa damu ya mzee, ule mwekundu uliokolea, mimi nikalipiga picha kwa simu, na simu ikalifanya jekundu kama nyanya. Duka letu la mtandaoni lilikuwa na miezi minne tu. Halikuwa na mlango wala rafu. Lilikuwa ukurasa kwenye simu yangu na mashine ya kufumia iliyokaa sebuleni kwa Shangazi, mtaa wa Izia. Mashine hiyo aliinunua miaka ile biashara huria iliporuhusiwa na bidhaa za nje zikaanza kufika hadi Sumbawanga, na kwa miaka mingi aliwafumia wanafunzi masweta ya shule. Mimi ndiye niliyemshawishi kwamba hata huko mbali wapo watu wanaosikia baridi.

Shangazi aliligeuza lile sweta mbele na nyuma, akatafuta kasoro, asiione.

"Tangu nianze kufuma, hakuna aliyewahi kunirudishia kazi," akasema. "Hilo dude lako ndilo lenye matatizo."

"Ni simu, Shangazi."

"Basi ibaki kupigia simu. Tutafute kamera."

Jumamosi tulikwenda kwa mzee mmoja mwenye studio karibu na soko, aliyewapiga watu picha za pasipoti tangu mimi sijazaliwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anacheka, kwa sababu Shangazi alikuwa ameshalitandaza sweta mezani kwake kama mtu aliyeleta mgonjwa.

Alikuwa na kamera mbili za kuuza, zote zimetumika. Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, ina lenzi ndefu. Mwenyewe wa kwanza alikuwa akipigia picha za harusi. Nyingine ilikuwa ndogo, ya kijivu, imechubuka kwenye kona. Naomba niseme ukweli: niliipenda ile kubwa kabla sijaishika. Niliivaa shingoni, nikajitazama kwenye kioo cha wateja, nikajiona mtu mwenye kampuni.

"Umependeza," Shangazi akasema. "Sasa lipige sweta."

Nilipiga. Sweta likatoka jekundu, jekundu kabisa, kama kwenye simu. Yule mzee akanyoosha kidole juu kwenye taa ya mrija.

"Mnailaumu kamera bure. Humu ndani mwanga si wa jua, nayo inabahatisha rangi. Njooni mlangoni."

Tukalihamishia sweta mlangoni, kwenye kivuli chenye mwanga. Akaweka karatasi nyeupe pembeni yake, akaipiga kwanza hiyo karatasi, akabonyeza mahali fulani ili kamera ijue nyeupe ni ipi, kisha akanirudishia kamera. Nikapiga tena. Damu ya mzee ikatokea, yenyewe hasa! Shangazi alipiga vigelegele hadi muuza vitunguu wa ng'ambo ya njia akasimama kuangalia.

Mimi nilidhani tumemaliza. Shangazi bado.

"Nataka mteja aone nilivyofuma," akasema. "Sogea karibu."

Nilisogea, picha ikawa ukungu. Nikarudi nyuma hatua moja, bado ukungu. Nikarudi hadi nikajikuta nje, katikati ya njia, mwendesha baiskeli akanipigia kengele. Ile lenzi ndefu ilikuwa imezoea kuwaona maharusi kutoka mwisho wa ukumbi. Cha karibu haikukiona. Yule mzee akaichukua ile ndogo ya kijivu, akaisogeza karibu na mkono wa sweta mpaka nikadhani ataligusa, akapiga. Kisha akaikuza picha, akamwonyesha Shangazi.

Kila uzi ulionekana ulipoingia na ulipotokea. Shangazi alisogeza uso, akakunja paji. Chini ya kwapa palikuwa na mahali uzi mmoja uliruka. Alilichukua sweta, akapapasa, akapakuta.

Nilingoja akasirike. Badala yake alicheka mpaka akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Macho yangu hayakuona, mteja hakuona, kidude hiki kimeona! Tunachukua hiki."

"Lakini Shangazi, ile kubwa..."

"Ile itakupendeza wewe. Hii itayapendeza masweta."

Tukaichukua ile ya kijivu, na yule mzee akatuongezea betri ya pili bila kuombwa.

Jumatatu asubuhi mawingu yalikuwa yametanda. Mzee alikuwa ametuambia hali hiyo ndiyo nzuri kwa rangi. Tuliyatundika masweta barazani, lakini upepo wa huku kwetu hauna adabu. Yalizunguka kama watu wanaocheza ngoma. Mwishowe Shangazi alilivaa moja la bluu, akasimama ukutani, mikono kiunoni, na kunitazama kama anayeniambia niharakishe. Nikapiga hiyo.

Nilipoiweka picha kwenye ukurasa, ujumbe ulianza kuingia kabla chai haijapoa. Watu waliuliza bei, wakauliza saizi, wakauliza huyo bibi ni nani. Ndani ya wiki mbili masweta yote yaliisha. Kisha dada mmoja wa Iringa akaandika kwamba hataki jingine lolote, anataka lilelile alilovaa bibi.

Nilimsomea Shangazi. Alikuwa amelivaa wakati huo, kwa sababu kulikuwa na baridi kali.

"Mwambie litafika," akasema.

Akalivua palepale, akalitia kwenye beseni la maji, akajifunga kitenge mabegani na kurudi kwenye mashine, anacheka na kutetemeka. Mimi nikakimbilia jikoni kumletea jiko la mkaa.